Kitambaa cha Mashine

Nyumbani kwetu redio ilipata nguo kabla mimi sijapata sketi ya pili. Mama aliifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua pembeni, na ikizimwa jioni kitambaa kilirudi juu yake, kikanyooshwa, maua yakatazama mbele. Ukikiweka ovyo ulisikia maneno. Makochi yalikuwa na vitambaa, meza ilikuwa na kitambaa, kabati la vyombo lilikuwa na kitambaa pamoja na ufunguo, na vikombe vya ndani yake sikuwahi kuvinywea mpaka siku padri alipokuja kubariki nyumba. "Kitunze kikutunze," alisema Mama, na kwa kweli ile redio ilitutunza miaka mingi. Naanza na hili ili mtu asidhani niliyoyafanya baadaye hospitalini yalitokana na uzembe. Uzembe ningeutubu, nikapewa kitubio, nikaenda zangu. Mimi nilikosea kwa malezi mema.

Jambo la pili la kwetu ni radi. Watu wa mbali wakisikia umetoka Sumbawanga wanakutania habari za radi, na mimi utani huo nimechoka kuucheka. Huku juu uwandani, kuanzia Novemba mpaka Aprili, radi haina utani na mtu. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa bonde la Rukwa, Mama alizima redio, akafunika kioo kwa kanga, akatuketisha ndani tukiwa kimya mpaka ipite. Jirani yetu alipoteza ng'ombe wanne kwa radi moja, wote chini ya mti mmoja, na sisi watoto tulipelekwa kuwaona ili tujifunze. Nilijifunza. Mpaka leo nikisikia ngurumo mkono wangu unatafuta kitu cha kuchomoa ukutani.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuwa muuguzi kiongozi wa chumba cha dharura. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini kazini. Nilikuwa nimeshuhudia radi ikiunguza mashine ya kutengeneza oksijeni, ikatoa moshi kama sufuria ya ugali uliosahauliwa, na tukakaa miezi bila nyingine. Baada ya hapo niliweka amri: mawingu yakija, chomoa kila kitu. Vijana walinuna, lakini walichomoa.

Kisha tukaletewa mashine ya kushtua moyo. Ilikuja ndani ya boksi, imezungukwa na godoro la sponji, inang'aa, na pamoja nayo alikuja daktari kijana wa kutufundisha. Alikuwa mpole, mwembamba, anayetetemeka kwa baridi yetu, maana alikuwa amekuja na shati la mikono mifupi mwezi wa Juni. Alitueleza kwamba mtu akianguka ghafla, mara nyingi moyo wake haujanyamaza kabisa. Unatapatapa, kila sehemu inakwenda kivyake, na damu haisogei. Kukandamiza kifua kunaufikishia ubongo damu kidogo, usife mapema, lakini kunamsogeza tu mgonjwa mpaka mashine ifike. Mashine ndiyo inayoutuliza moyo kwa mshtuko mmoja ili uanze tena kwa mpangilio. Na mashine ikichelewa, hata mikono iwe hodari namna gani, kinachorudi kinazidi kupungua.

Alitufanyisha jambo ambalo wengi waliliona la kitoto. Alituambia tukae kimya kwa dakika moja, bila kusogea, tukiitazama saa ya ukutani. Tukakaa. Mmoja akakohoa, mwingine akaanza kupiga miayo, mimi nikafikiria maharage niliyoyaacha jikoni kwangu, mtaa wa Milanzi, nikayapanga, nikayapika, nikayala, na dakika ilikuwa bado. "Hiyo ni moja," alisema. "Ubongo bila damu hauvumilii nyingi za hivyo." Tulitikisa vichwa. Tulikunywa soda, tukapiga picha na mashine, akaondoka.

Jioni ile ile nilianza kufuma. Ilinichukua kama wiki mbili, uzi mweupe, maua ya bluu pembeni, saizi kamili. Mashine nikaiweka ndani ya kabati la chuma, juu yake kitambaa, kabati nikalifunga, ufunguo nikaubandika kwa pini ndani ya mfuko wa sare yangu. Wageni wa kukagua walipokuja nilifungua kabati kama mtu anayemfunua bibi harusi, nao wakasifu. Mmoja alisema angependa vituo vyote vitunze vifaa namna ile. Nilitembea wiki nzima nimevimba kichwa.

Fundi wa vifaa, mtu mfupi mwenye bisibisi mfukoni wakati wote, hakusifu. "Sista, hii kitu inatakiwa ikae kwenye umeme saa zote," aliniambia. "Betri yake inashuka."

"Na radi ikija?"

"Radi tutaitafutia dawa. Nitafunga gadi ukutani, ikate umeme ukizidi."

"Ukishafunga gadi njoo tuongee. Oksijeni yangu iliungua wewe ukiwa na bisibisi hiyo hiyo."

Alicheka, akaondoka. Nilidhani nimemshinda.

Sasa nimlete mtu niliyemkosea. Alikuwa fundi cherehani, ana mashine yake kwenye baraza la duka la vitambaa mjini, duka la shemeji yake. Mkewe alikaa naye pale, akitia vifungo na kupinda chini. Sare zetu karibu zote alishona yeye. Sifa yake mjini ilikuwa moja: hakuandika. Mafundi wengine wana daftari lenye majina, viuno na urefu wa mikono. Yeye alikupima mara moja katika maisha yako, basi. Ukirudi baada ya miaka mitatu alikutazama kuanzia juu mpaka chini akasema, "Sista, umeongezeka inchi mbili, tena si za ugali, ni za chai ya maziwa." Na zilikuwa mbili. Wauguzi wa hospitali nzima tulikuwa kichwani mwake, mmoja mmoja, na mabega yetu yaliyopishana.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa pili, asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku kumi mfululizo kwa ngurumo, na kwa siku hizo kumi ile mashine haikuwa imeonja umeme. Mimi mwenyewe ndiye niliyeichomoa na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiigusa kila asubuhi kuthibitisha kwamba imechomolewa.

Aliingia akitembea, mkewe pembeni. Alikuwa safi kupita kiasi. Shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama, kofia nyeupe, anatoa harufu ya sabuni ya kuogea. Nikamtania. "Fundi, leo unakuja kutibiwa au kuposa?"

"Naposa, Sista, lakini huyu kanifuata," alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. Kisha akakaa kwenye kitanda taratibu mno, akaweka mkono kifuani. "Tangu alfajiri hapa pananibana. Kama nimevaa nguo niliyomshonea mtu mwembamba."

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nilimwita daktari wa zamu, binti mmoja mwepesi sana wa mikono, nikageuka kuchukua mashine ya presha. Niliposikia kitanda kikigonga ukuta nikageuka tena, na fundi alikuwa amelala upande, macho wazi, hatazami kitu. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi na mbili. Nina desturi ya kuandika saa kwenye kipande cha plasta nilichobandika kwenye paja la sare, kwa hiyo niliandika. Mikono yangu inaandika hata kichwa kikiwa kimekimbia.

Yule binti alianza kukandamiza kifua mara moja, kwa nguvu, anahesabu kwa sauti. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa lolote. Mtu kuanguka mbele ya daktari, kwenye kitanda cha dharura, mchana, wahudumu wote wapo: kama lazima moyo wako ukusaliti, chagua kuanguka hivyo. Kila kitu kilikuwa upande wake isipokuwa mimi.

Nilikwenda kwenye kabati. Pini ilikuwa imenasa kwenye sweta niliyovaa juu ya sare, kwa sababu ya baridi ya mvua, na nikaanza kuhangaika nayo vidole vikiteleza. Nikafungua. Nikatoa kitambaa. Nikaileta mashine, nikabonyeza, ikawaka taa moja nyekundu, ikazimika. Nikabonyeza tena, kimya. Nilijua papo hapo. Sikuhitaji mtu kuniambia, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuniambia.

Umeme ulikuwepo. Lakini waya wa mashine ulikuwa mfupi na soketi iliyokuwa karibu ilikuwa mbovu tangu mwaka uliopita. Ekstensheni yetu ilikuwa chumba cha mapokezi, inachemsha maji ya chai ya karani. Nilikimbia, nikaichomoa, birika likaanguka. Niliporudi nikaona bado haifiki, ikabidi tukisukume kitanda, na wakati wa kukisukuma mikono ya binti iliachia kifua. Gurudumu moja liligoma. Nadhani ilikuwa nusu dakika. Nusu dakika ile bado inatembea ndani yangu, naisikia hata nikiwa napanga foleni dukani.

Mashine ikawaka. Tukabandika padi zake kifuani, tukaona kwenye kioo chake moyo unatapatapa vile vile kama kijana yule alivyotuchorea ubaoni. Tukasogea kando wote, tukampiga mshtuko wa kwanza. Saa nne na dakika ishirini na moja. Binti akaendelea na kifua, na dakika mbili baadaye tukampiga wa pili, na kwenye kioo mstari ukaanza kupanda na kushuka kwa mpangilio. Mtu mmoja akasema, "Amerudi." Ndiyo, alirudi. Mimi nilitazama plasta yangu nikatoa kumi na mbili katika ishirini na moja.

Alikaa wodini wiki kadhaa, kwanza hajui yuko wapi, baadaye anajua, baadaye anakula mwenyewe, na siku ya kuruhusiwa alitoka kwa miguu yake. Mjini ilikuwa habari kubwa: fundi alikufa, akafufuliwa. Watu walinisimamisha sokoni. "Sista, Mungu akubariki, mkono wako una baraka." Parokiani nilitajwa. Nilisema asante kwa sababu sikujua neno lingine.

Hospitalini tulikaa kikao kupitia tukio. Mimi ndiye niliyeandika ripoti. Niliandika kwamba mashine ilichelewa kuwaka kutokana na changamoto ya umeme. Hakuna neno la uongo hapo. Changamoto ni neno zuri sana, halina mwenyewe. Unaliweka katikati ya meza na kila mtu analitazama kwa huzuni. Fundi wa vifaa alinitazama mimi. Wiki ile ile alifunga gadi ukutani na kurekebisha soketi.

Niliibadilisha kazi yangu yote. Mashine ikatoka kabatini, ikakaa kwenye meza ya magurudumu kando ya mlango, uchi kabisa, waya ukutani mvua inyeshe radi ipige. Kila zamu ikipokezana lazima iwashwe, ijaribiwe, mtu atie sahihi. Ekstensheni ya chai nikaiteka. Niliwafanyisha vijana mazoezi mpaka wakanichukia: unasikia mtu kaanguka, unafika, unabandika, naangalia saa. Waliniita Mama Betri, nami nikajifanya sijui. Mama alinilea kwa "haraka haraka haina baraka", na sasa nilikuwa nawafokea watoto wa wenzangu kwamba baraka ya kazi hii yote iko kwenye haraka. Tangu hapo wapo tuliowashtua mapema, mmoja akafungua macho akauliza nani amemvua viatu. Nilifurahi, nikaenda chooni nikalia, nikarudi.

Lakini fundi. Nilikwenda dukani miezi michache baada ya kuruhusiwa, kwa ajili ya sare. Alinikaribisha kwa tabasamu lile lile. Alinizungushia futi kiunoni, akasoma, akageuka kuchukua chaki, akasimama. Nikaona mgongo wake umetulia. Akageuka tena, "Sista, karibu. Nikupime?" Mkewe, aliyekuwa ametia uzi kwenye sindano, alisema namba kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, akaiandika kwenye daftari. Daftari lilikuwa jipya.

Mambo ya zamani alikuwa nayo. Alijua mabega yangu yanapishana, alijua harusi ya nani nilivaa nini. Kushona alishona, mikono haikusahau. Ila kitu kipya hakikukaa. Alipima kiuno, na mpaka afike kwenye kitambaa namba ilikuwa imekwisha. Mteja akisema Ijumaa, aliitikia Ijumaa, kisha akauliza lini. Mkewe alikuwa amehamia pembeni yake kabisa, kiti kimegusana na cherehani, anaandika kila anachosoma mumewe kabla hakijapotea. Vifungo alikuwa anatia usiku nyumbani.

Nilijua ninachokiangalia. Yule daktari kijana alikuwa ametueleza: moyo unaweza kurudi mzima na ubongo ukarudi na mashimo. Mashimo ya fundi nilikuwa nayo mimi, yameandikwa kwenye kipande cha plasta ndani ya kitabu changu cha sala.

Na kila Iddi mwanamke yule alituletea pilau. Sinia kubwa, limefunikwa kawa, linakuja kwa bodaboda mpaka mlango wa dharura, na salamu: "La Sista na wenzake." Vijana walilishambulia. Mimi nilikula pia, maana kukataa kungeulizwa. Iddi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara nilijiambia safari hii nitakwenda kumwambia, kabla hajanishukuru tena kwa kitu nilichomwibia. Kisha nikawaza, nikimwambia, nitakuwa nampa mzigo wangu aubebe yeye, na ana wake. Hiyo ilikuwa sababu nzuri. Sababu nyingine ilikuwa kwamba naogopa.

Baada ya Iddi ya tano nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Magoti yameisha, usingizi umeisha. Nilichoka kwa namna ambayo likizo haisaidii. Nikasema siwezi kwenda kijijini kulima ulezi nikiwa na sinia la watu kifuani. Mwezi wa Juni, kukiwa na ule upepo wetu wa kukausha midomo, nikachukua kitambaa cha sare yangu ya mwisho nikaenda barazani.

Fundi aliinuka. "Shikamoo Sista." Ni mkubwa kwangu, lakini amekuwa akiniamkia tangu alipotoka hospitali, na hakuna anayemsahihisha.

"Fundi, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Nikupime?"

Alinipima bega, akasema namba, mkewe akaandika. Kisha mteja mwingine akamwita ndani ya duka kutazama kitambaa cha suti, akaenda na futi shingoni. Tukabaki wawili. Nikakaa kwenye kiti cha fundi.

"Dada," nilisema, "nina neno nimekaa nalo muda mrefu."

"Sema."

"Siku ile. Mashine ilichelewa. Mliambiwa ni umeme."

"Tuliambiwa."

"Haikuwa umeme. Nilikuwa nimeichomoa mimi. Siku kumi. Niliogopa radi, nikaifungia kabatini, betri ikaisha. Nilielezwa isikae hivyo, nikabisha. Ingewaka pale pale, huenda mzee angekuwa..." Nilionyesha daftari. "Dakika tisa. Zaidi ya nusu yake ni yangu."

Hakuacha kutia kifungo. Alizungusha uzi, akaukata kwa meno, akachukua kifungo kingine.

"Najua," alisema.

Nilidhani hakunisikia vizuri.

"Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, Sista. Hakuna aliyenitoa. Nilikuona umefungua kabati. Ukatoa kitambaa, kizuri, cha maua ya bluu." Akaweka sindano chini. "Ukakikunja kwanza. Mara mbili. Ukakipanga juu ya kabati, ndipo ukachukua mashine."

Nilitaka kusema hapana. Nimeirudia asubuhi ile kichwani mara nyingi kuliko nilivyosali rozari, pini, taa nyekundu, ekstensheni, gurudumu, na katika zote sikuwahi kukikunja kile kitambaa. Kisha nikaikumbuka mikono yangu, na nikakumbuka kwamba jioni ya siku ile, tulipokuwa tunapiga deki maji ya chai, kitambaa kilikuwa juu ya kabati, pembe kwa pembe, maua yanatazama mbele. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Ulijua siku zote?"

"Siku zote. Nilikuchukia. Pilau ile ya kwanza nimeipika nakuchukia, nikatia nyama ya kutosha nikasema aile yote." Aliangalia ndani ya duka, mumewe alikuwa anapapasa kitambaa cha suti, anakisifu. "Ya pili pia. Halafu ikawa mazoea, watu wa bodaboda wakaanza kuniuliza wenyewe, Mama, la hospitali liko wapi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?" Aliinua sindano, akalitazama tundu lake juani, akashindwa kuipitisha uzi, akanipa mimi. Nikaipitisha. "Aliniamsha alfajiri. Akasema kifua kinabana. Mimi nikasema, huwezi kwenda hospitali hivyo ulivyo, watu watatuonaje. Nikawasha jiko la mkaa, nikamchemshia maji aoge. Akaoga. Shati lilikuwa na kunyanzi, nikatia mkaa kwenye pasi, nikalipiga pasi, mikono nikairudia kwa sababu haikusimama vizuri. Nikampikia uji. Akasema twende, nikasema malizia uji." Alichukua sindano yake. "Wewe una dakika, Sista. Mimi nina asubuhi nzima."

Nilikumbuka mikunjo ya shati lile. Nilikumbuka nilivyotania. Nilitaka kumwambia maneno ya kitaalamu, kwamba angeweza kuangukia njiani, kwamba moyo unachagua wakati wake, na yote ni kweli, nimeyasema kwa ndugu wa wagonjwa mara mia. Nilimshika mkono wenye sindano, na yeye akauacha ushikwe kidogo, kisha akautoa, maana kazi ilikuwa ya kesho.

"Umemwambia yeye?" niliuliza.

"Nilimwambia habari ya maji na shati. Alilia sana, akanisamehe. Kesho yake asubuhi hakukumbuka. Nikamwambia tena, akalia tena, akanisamehe tena. Nikaona namtesa." Alitia kifungo. "Kwa hiyo wewe usimwambie. Atakusamehe, lakini msamaha hautakaa."

Fundi alirudi kutoka dukani, futi shingoni, uso umechangamka. Aliniona nimekaa kwenye kiti chake, akafurahi kama mtu aliyepata mgeni.

"Sista, shikamoo. Karibu sana. Nikupime?"

Mkewe alifungua daftari, akashika kalamu. Nikasimama, nikainua mikono.